Kuyaona malengo yako akilini si kuita mapepo
Mwaka unapoanza, ujumbe huu hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya na vyama hapa Nairobi: Mkristo akifumba macho na kujiona kwenye nyumba anayotaka kujenga, amefungulia mapepo mlango. Si kweli.

Fungua Biblia yako mwenyewe. Katika Luka 14:28, Yesu anasema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Utahesabuje gharama za mnara usiouona akilini? Mama anayeweka akiba ya ploti kule Ruai, na tayari anajua jiko litatazama wapi, hajaabudu chochote.

Watu huchanganya jambo hili na fundisho jingine, lile linalodai kwamba wazo lenyewe huumba kitu. Hilo kweli linagongana na imani, maana linaweka akili mahali pa Mungu. Kipimo kiko Yakobo 4:15: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." (Wanaolitetea fundisho hilo kwa Habakuki 2:2, panaposema "Iandike njozi", nao wasome sura nzima; njozi ile ilitoka kwa Mungu, haikuwa matakwa ya nabii.)

Ukiupokea tena ujumbe ule wa mapepo, tafadhali usiusambaze. Unamtia hofu mtu anayejaribu tu kupangia wanawe karo.