Jina la Warner, Wenye Mali Tofauti

Mwaka 2021 Diamond Platnumz alipoingia ubia na Warner Music ya Afrika Kusini pamoja na Ziiki Media, dawati letu la maktaba lilipata swali ambalo bado linarudi kila muhula: je, msanii huyu sasa yuko chini ya tajiri mmoja na CNN, Batman na katuni za Bugs Bunny? Anayeuliza hivyo amefikiri vizuri, maana jina ni lilelile, Warner. Lakini jibu ni hapana, na mimi kama mkutubi wa vyombo vya habari naona swali hili linastahili maelezo marefu kuliko ninayoweza kutoa mtu akiwa amesimama dawatini.

Muziki na studio ya filamu viliachana Machi 2004. Time Warner, iliyokuwa kampuni mama ya studio ya Warner Bros. na ya CNN, iliuza kitengo chake cha muziki kwa wawekezaji walioongozwa na Edgar Bronfman Jr., kwa dola bilioni 2.6. Tangu 2011 Warner Music imo mikononi mwa Access Industries, kampuni ya Len Blavatnik. Jina iliondoka nalo, ila kwa masharti. Ndiyo maana mwaka 2019 lebo iliyokuwa ikiitwa Warner Bros. Records iligeuka kuwa Warner Records. Hilo neno dogo, "Bros.", lilikuwa mali ya studio.

Kwa nini kampuni kubwa kiasi hicho iuze muziki? Deni. Januari 2000, AOL iliyokuwa ikiuza huduma ya intaneti kwa njia ya simu ilitangaza kuungana na Time Warner, na wanahisa wa AOL ndio waliopewa fungu kubwa, asilimia 55. Bei za hisa za kampuni za intaneti zikaporomoka punde baadaye. Hesabu za mwaka 2002 zilionyesha hasara ya karibu dola bilioni 99. Mwaka 2003 neno AOL likaondolewa kwenye jina la kampuni, na mwaka huohuo mnada ukaanza: nusu yake ya chaneli ya Comedy Central ikaenda kwa kampuni ya televisheni ya Viacom, kisha muziki, kisha vitabu vikanunuliwa na Lagardère ya Ufaransa mwaka 2006, kisha timu ya besiboli ya Atlanta Braves mwaka 2007.

Vingine havikuuzwa, vilimegwa. Tofauti hii huwachanganya wengi. Katika kumega hakuna mnunuzi; kila mwanahisa wa kampuni mama anapewa hisa za kampuni mpya. Ni kama ndugu waliorithi shamba moja wakaamua kukata mpaka: shamba halijaondoka kwenye ukoo, lakini kuanzia siku hiyo hati ni mbili, na kila upande unaweza kuuza kivyake. Hivyo ndivyo zilivyotoka Time Warner Cable, ya televisheni ya kebo, na AOL mwaka 2009, na Time Inc., wachapishaji wa majarida, mwaka 2014.

Tazama matokeo yake. Kuanzia 2009 hadi iliponunuliwa na kampuni nyingine ya kebo, Charter, mwaka 2016, ilikuwapo kampuni iitwayo Time Warner Cable ambayo haikuwa ya Time Warner. Na kuanzia Juni 2014 hadi 2018, kampuni iitwayo Time Warner haikuwa na jarida la Time. Mwanafunzi aliyeandika katika miaka hiyo kwamba "Time ni la Time Warner" alikosea kwa sababu tu aliliamini jina. Jarida lenyewe lilipita kwa wachapishaji wa Meredith, na mwaka 2018 likanunuliwa na mfanyabiashara Marc Benioff na mkewe kwa dola milioni 190.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta mali ambazo leo hakuna anayezihusisha na Warner. Mwaka 1969 studio ya Warner Bros. ilinunuliwa na Kinney, kampuni iliyokuwa na maegesho ya magari na biashara ya mazishi, chini ya Steve Ross. Jina likabadilishwa kuwa Warner Communications mwaka 1972. Kampuni hiyo, ambayo baadaye iliungana na Time Inc. ikawa Time Warner, ndiyo iliyokuwa na timu ya soka ya New York Cosmos ilipomchukua Pelé mwaka 1975. Mwaka uliofuata ikainunua Atari ya michezo ya video kwa dola milioni 28. Mwaka 1983 Atari ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na 1984 kitengo cha michezo ya nyumbani na kompyuta kikauzwa. Hata chaneli za MTV na Nickelodeon zilizaliwa huko, zikawa katika ubia na American Express, kabla ya kwenda kwa Viacom katikati ya miaka ya 1980.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa filamu moja, Casablanca, iliyotengenezwa na Warner Bros. mwaka 1942. Mwaka 1956 studio ilichukua filamu zake za kabla ya 1950, pamoja na mamia ya katuni, ikaziuza zote kwa dola milioni 21. Aliyenunua, Associated Artists Productions, alizitaka kwa ajili ya televisheni, iliyokuwa ikitafuta cha kuonyesha usiku na mchana. Miaka miwili baadaye mnunuzi naye akanunuliwa, na kampuni ya filamu ya United Artists. Mwaka 1981 United Artists ikamezwa na studio ya MGM. Mwaka 1986 Ted Turner, mwanzilishi wa CNN, akanunua MGM. Deni likamlemea, akairudisha karibu yote ndani ya miezi michache, ila maktaba ya filamu akaing'ang'ania. Casablanca ilikuwa humo. Mwaka 1996 Time Warner ikamnunua Turner mwenyewe na vyote alivyokuwa navyo, na filamu ikarudi ilikotengenezwa, miaka 40 baada ya kuuzwa. Miaka yote hiyo watu waliendelea kuiita filamu ya Warner Bros., na walikuwa sahihi kuhusu aliyeitengeneza. Kuhusu mwenye mali, walikuwa wamekosea.

Hapo ndipo ninapowaomba waandishi na wanafunzi watulie kidogo. "Aliyetengeneza", "mwenye jina" na "mwenye mali" ni watu watatu wanaoweza kuwa tofauti kabisa, na sentensi yako lazima iseme unamzungumzia yupi na katika mwaka upi. Mwaka ni muhimu hasa kwa Time Warner. Juni 2018 ilinunuliwa na kampuni ya simu ya AT&T ikaitwa WarnerMedia; Aprili 2022 ikatengwa na kuunganishwa na kampuni ya televisheni ya Discovery, ikawa Warner Bros. Discovery. Na Desemba 2025 ilikubali kuiuzia Netflix studio na HBO, huku Paramount, yenye MTV na Nickelodeon zile zile, ikiwapelekea wanahisa ofa ya kununua kampuni nzima. Orodha yoyote ya mali zake isiyo na tarehe juu yake, iache.

Kuhakiki si kazi ngumu. Kampuni za Marekani zilizo kwenye soko la hisa huwasilisha ripoti ya mwaka kwa tume ya dhamana, SEC, na kiambatisho nambari 21 cha ripoti hiyo hutaja kampuni tanzu. Kuisoma kwenye tovuti ya tume ni bure. Kiambatisho hakitakwambia kilichouzwa, kwa hiyo fungua cha mwaka unaouchunguza na cha miaka mitano iliyotangulia, uviweke sambamba. Jina lililopotea huenda limeuzwa, limemegwa, limeunganishwa au limebadilishwa, na magazeti ya kipindi hicho yatakwambia lipi kati ya hayo. Kwa redio na magazeti ya kwetu, anzia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Tanzania au kwa msajili wa kampuni Kenya, na kama kampuni iko kwenye soko la hisa, isome ripoti yake ya mwaka hadi kurasa za mwisho, ambako wanahisa wakubwa hutajwa kwa majina na idadi ya hisa.

Ukija dawatini kwetu kuuliza nani anamiliki nini, njoo na jina la gazeti, chaneli au lebo yenyewe, na mwaka unaouandikia. Ukiwa na hivyo viwili, mengine tutayatafuta pamoja.