Kwa nini kirungu cha gia hugoma kutoka?

Mwaka jana nilinunua pikapu ya Nissan ya mtumba, gari la manyuo, yaani la kubadilisha gia kwa mkono, nikiwa Tanga. Injini ilikuwa nzima na bodi safi, ila kirungu cha gia, kile kishikio cha juu ya fimbo ya gia, kilikuwa kimekwisha. Mpako wake wa mpira laini ulikuwa umegeuka ulimbo unaonata kiganjani, na ramani ya gia iliyochorwa juu ilikuwa imefutika yote. Dereva mgeni akikalia kiti kile hana pa kusoma rivasi iko upande gani, na hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kukibadilisha. Nikanunua kipya dukani nikidhani ni kazi ya dakika tano. Ilinila siku mbili.

Kunata kule, kwanza, si uchafu, na sabuni haikuondoi. Mipako mingi laini ya ndani ya magari hutengenezwa kwa poliyurethini, na unyevunyevu wa hewa huikata taratibu ile minyororo mirefu inayoipa uimara. Joto huharakisha kazi hiyo. Gari likiishi miaka kumi Pwani, kirungu chake huyeyuka hata kama limetunzwa.

Lakini lililoniumiza kichwa ni hili: kitu kidogo hivi, kisichobeba mzigo wowote, kinawezaje kugoma kuliko nati ya tairi? Nati ya tairi hukazwa kwa spana ndefu na uzito wa mwili mzima, na bado siku ya pancha hutoka. Kirungu hukazwa kwa kiganja tu. Kwa hiyo kinachokizuia si nguvu iliyokikaza. Ni jambo lililotokea baadaye, au ni kitu kilichofichwa chini yake. Ukianza kwa kukamua nguvu kabla hujajua kimeshikwa na nini, utavunja kitu, na mara nyingi kitakachovunjika si kirungu.

Jambo la kwanza la kujua ni kama kirungu chako kinazunguka kabisa. Magari mengi ya Kijapani ya manyuo yanayojaa barabara zetu, Toyota, Nissan, Mazda, Honda, hufunga kirungu kwa thredi: kinazungushwa kinyume cha saa kama kifuniko cha chupa. BMW nyingi sivyo. Kirungu chake kimesukumwa tu juu ya fimbo yenye mistari na hutoka kwa kuvutwa wima kwa nguvu kubwa, kisha kinachomoka ghafla, kwa hiyo uso uwe pembeni, maana wapo waliojipiga mdomoni. Volkswagen nyingi nazo zina bangili ya bati iliyobanwa shingoni mwa kirungu, imefichwa ndani ya mfuko wa ngozi unaozunguka fimbo. Usipoinua mfuko huo ukaikata bangili, unaweza kuzungusha mpaka Idi. Kuna na magari yenye pete chini ya kirungu ambayo dereva huivuta juu ili kuingiza rivasi. Pete ile ina waya unaoshuka ndani, na kuzungusha kirungu kabla ya kuifungua ni kuukata. Gari la otomatiki lenye kitufe pembeni mwa kirungu usiliguse mpaka uone skrubu au klipu inayokishikilia, kwa kawaida mbele au chini yake. Kitufe hicho kina springi, na springi ikiruka ndani ya gari huipati tena kirahisi.

Tuseme ni cha thredi na kimegoma. Hapo sababu ni chache, na kila moja ina dawa yake. Dawa ya hii haitibu ile.

Ya kwanza ni kutu. Chuma kikigeuka kutu huvimba: kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Katikati ya thredi mbili hamna pa kuvimbia, kwa hiyo kutu hujikandamiza pale na kuwa kama kabari. Pwani hewa ina chumvi, kiganja cha dereva kina jasho ambalo nalo ni chumvi, na soda iliyomwagika mara moja ikateremka shingoni mwa kirungu hukaa mle miaka. Kirungu cha alumini juu ya fimbo ya chuma kina shida ya ziada: metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe pale zinapokutana.

Dawa ya kutu ni mafuta mepesi, na hapa watu hukata tamaa mapema. Hufikiri kwa kuwa mdomo wa kirungu unatazama chini, mafuta hayawezi kupanda. Yanapanda. Mafuta ya taa hupanda utambi wa koroboi kila usiku bila kusukumwa na mtu, na mwanya mwembamba wa thredi huyavuta vilevile. Kinachohitajika ni muda. Paka jioni, zungushia kitambaa chini yasichuruzike kwenye swichi za kiweko, lile kasha la katikati ya viti, rudi asubuhi. Kisha, kabla ya kufungua, kaza kidogo. Inaonekana ni kinyume cha akili, lakini msogeo wowote, hata nywele moja kuelekea upande wa kukaza, hupasua ule utando wa kutu. Ukiupasua, rudi nyuma, kaza tena, rudi tena.

Sababu ya pili ni gundi, na gundi haisikii mafuta hata kidogo. Ipo gundi ya mafundi ya kufungia nati zisilegee, ile ya rangi ya bluu au nyekundu. Asili yake ni profesa wa kemia, Vernon Krieble, aliyeitengeneza mwaka 1953 huko Hartford, Marekani. Ajabu yake ni kwamba hewa huizuia isigande. Ndani ya chupa yenye hewa hubaki maji, na ikinyimwa hewa huku imegusana na metali ndipo inakuwa ngumu. Thredi ni mahali pake hasa. Mwaka huohuo wa 1953, upande wa pili wa nchi hiyo, San Diego, kampuni ndogo ilikuwa ikijaribu kutengeneza kimiminika cha kufukuza maji kwenye metali. Ilifaulu jaribio la 40, na ndilo chimbuko la jina WD-40. Mwaka mmoja ukatoa kitu cha kufunga na kitu cha kufungua, na bado hiki hakikifungui kile.

Gundi hizo hushindwa na joto. Ya bluu hutoka kwa spana na nguvu ya kawaida. Nyekundu huhitaji joto la takriban nyuzi 250, na plastiki za virungu vingi hulegea kwenye nyuzi 100 tu na kidogo, maana yake kirungu kitayeyuka kabla ya gundi. Ukishuku nyekundu kwenye kirungu cha plastiki, usipoteze muda wako, kimbilia msumeno ambao nitausema hapa chini. Supaglu, kwa upande wake, ni ngumu lakini ni dhaifu kwa joto, na ni kavu: pigo moja kali huipasua, pale ambapo kuvuta taratibu hakufui dafu.

Joto lina faida nyingine pia. Kipimo kilekile cha joto huitanua alumini karibu mara mbili ya chuma. Kirungu cha alumini chenye tundu la milimita 12 kikipandishwa joto kwa nyuzi 80, tundu hupanuka kuliko fimbo kwa sehemu moja ya mia ya milimita, hata fimbo nayo ikipata moto uleule. Ni kidogo mno kuonekana, lakini utando wa kutu au gundi ni mwembamba hivyohivyo. Kitambaa kilicholowekwa maji yanayochemka, kikazungushiwa kirungu kwa dakika chache na kurudiwa mara tatu au nne, kinatosha. Usitumie kiberiti wala jiko la gesi ndani ya gari, na hasa baada ya kupaka mafuta.

Sababu ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa: nati nyembamba chini ya kirungu. Kazi yake ni kukikaba ili ramani ya gia itazame dereva. Nati ile na kirungu vinasukumana kwenye thredi moja, kila kimoja kinamzuia mwenzake. Ukizungusha kirungu peke yake hutafika. Shika nati kwa spana, zungusha viwili hivi pande zinazopingana, na vitaachana kwa mlio mdogo wa tik. Kabla hujaanza lolote, vua ule mfuko wa ngozi uangalie kama nati hiyo ipo. Angalia pia skrubu ndogo ya elenki iliyozama ubavuni mwa kirungu, maana ikijaa vumbi haionekani.

Ya nne ni thredi zilizopandana, na hii huletwa na mtu. Fimbo za Nissan na Mazda kwa kawaida ni milimita 10, na kirungu hupanda milimita 1.25 kila mzunguko. Honda nayo ni milimita 10, ila hupanda 1.5. Toyota za manyuo nyingi ni milimita 12 kwa 1.25. Kirungu cha Honda kikiwekwa kwenye fimbo ya Nissan huanza vizuri, kwa sababu unene ni uleule, lakini kila mzunguko thredi zinaachana robo ya milimita, na kufikia mzunguko wa tatu zinaumana. Fundi mvumilivu husimama hapo. Mwenye haraka hukaza kwa praisi, na anayekuja baada yake ndiye anayelia.

Sasa nguvu yenyewe. Kirungu ni duara lenye nusu kipenyo cha sentimita mbili na nusu hivi, tena laini, kwa hiyo kiganja huteleza kabla ya kuzungusha kwa maana. Kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uzungushe juu ya kirungu mara mbili au tatu, ndipo ushike. Tofauti utaisikia papo hapo. Kisipotii, chukua spana ya mkanda ya kufungulia filta ya oili. Mpini wake wa sentimita 20 huzidisha nguvu ya mkono wako mara nane.

Na kwa sababu inaizidisha, fimbo lazima ishikwe. Huko chini fimbo ya gia imekaa kwenye bushi za nailoni na pini ndogo zilizoundwa kwenda mbele, nyuma na pembeni, si kusokotwa. Mtu akikamua kirungu bila kuizuia fimbo, kirungu kinabaki palepale na bushi ndizo zinazopasuka, na kuzifikia mara nyingi ni kufungua kiweko kizima. Praisi ya kujifunga yenyewe, yenye kipande cha ngozi katikati ya meno ili isikwaruze fimbo, ndiyo inayokuokoa. Mkono mmoja unazuia, mmoja unazungusha.

Ikitokea kirungu kinazunguka bila kukoma lakini hakipandi hata kidogo, usifurahi. Ndani ya virungu vingi vya plastiki mna bushi ya metali yenye thredi, na kinachozunguka pale ni plastiki iliyoachana na bushi yake. Hapo mafuta na maji moto vimekwisha kazi. Kirungu hicho ulikuwa unakitupa hata hivyo, kwa hiyo kikate: msumeno wa chuma, mstari mmoja wima kutoka juu hadi chini, kisha bisibisi pana kwenye mfereji, na plastiki inapasuka kama kifuu. Bushi ikibaki wazi unaishika kwa praisi na kuifungua kama nati ya kawaida, au unaikata ubavu mmoja kwa uangalifu usiguse thredi za fimbo. Mashine ya kukatia inayorusha cheche isiingie ndani ya gari.

Changu hakikuwa na nati wala skrubu. Siku ya kwanza nilipaka mafuta, nikalala, nikakamua asubuhi kwa ukanda wa tyubu, hakikutikisika. Jioni ya siku ya pili nikamulika tochi kwenye mdomo wake nikaona nyuzi nyeupe. Zilikuwa pamba. Mwenye gari wa zamani alikuwa amechukua kirungu cha tundu la milimita 12, akakivika juu ya fimbo ya milimita 10, akajaza mwanya kwa pamba na kumwagia supaglu, ambayo ikikutana na pamba hupata moto na kuganda kwa sekunde chache. Thredi hazikuwa zimegusana hata moja. Siku mbili nilikuwa nafungua kitu ambacho hakikuwahi kufungwa.

Nikarudia kitambaa cha maji moto mara nne, nikazuia fimbo kwa praisi, nikagonga ubavu wa kirungu mara moja kwa nyundo ya mbao. Kilitoa mlio wa kuatuka, nami nikakivuta juu. Kikachomoka kama kizibo.

Thredi za fimbo zilikuwa salama chini ya ganda la gundi. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikapaka grisi kidogo ya kuzuia kutu, nikakianza kirungu kipya kwa vidole viwili tu bila nguvu, maana kirungu sahihi huingia hivyo mpaka mwisho. Kilikoma ramani ikiwa imegeukia mlango wa abiria. Nikakifungua, nikaweka nati nyembamba chini yake, nikakirudisha hadi namba 1 ikakaa kushoto juu mbele ya dereva, kisha nikaikaza nati kukielekea.