Je, wajua kwa nini mtu anayeuthamini uaminifu hushindwa kuwa mwaminifu?

Waulize makanga wanne wa steji ya Githurai kama uaminifu ni jambo jema, wote watakubali. Sasa abiria ametoa noti ya Sh 200 kwa nauli ya Sh 80, akashuka Roysambu mbiombio na kusahau chenji yake, Sh 120. Hapo ndipo wanne hao wanapoachana njia.

Wa kwanza anamwita abiria papo hapo, wala nafsi yake haimsumbui. Wa pili anazitamani zile pesa, anashindana na tamaa, kisha anamwita. Wa tatu naye anashindana na tamaa, lakini inamzidi nguvu, na jioni anajuta. Wa nne anazitia mfukoni kwa amani kabisa, kwa kuwa amekwisha kujiaminisha kwamba aliyesahau amepoteza.

Mgawanyo huu wa hali nne unatokana na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 KK. Kwake yeye, mwenye fadhila ni wa kwanza peke yake. Wa pili ametenda tendo lilelile, na abiria hawezi kuwatofautisha, ila siku mwenye gari akikazania hesabu na abiria wawe haba, wa pili ndiye aliye karibu kuteleza.

Thamani, basi, ni kile unachokihesabu kuwa muhimu maishani. Fadhila ni thamani hiyo ikiwa imekwisha kuwa tabia. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja uzalendo, utu, usawa, uadilifu, uwazi na uwajibikaji, na kinamfunga kila mtu anapoitumia Katiba au kutekeleza sheria. Ni orodha nzuri, na ni ya lazima. Lakini orodha hutaja thamani tu. Fadhila haiandikiki, hufanyiwa mazoezi.

Na mazoezi yenyewe yana masharti. Aristotle alitaja matatu: ujue unachofanya, ukichague kwa sababu ni chema chenyewe, na ukifanye kwa moyo thabiti usioyumba. Anayerudisha chenji kwa kuogopa kupigwa picha hajatimiza la pili, ingawa si vibaya kuanzia hapo, maana mkono ukizoea, moyo huweza kuufuata. Chunguza pia unaelemea upande gani, kisha jivute upande wa pili, kama fundi anyooshavyo ubao uliopinda. Bahili ajilazimishe kutoa zaidi kidogo. Mbadhirifu ajifunze kukataa.

Hapa wengi hukosea. Wamesikia kwamba fadhila iko katikati, ujasiri ukiwa kati ya woga na ujuba, ukarimu kati ya ubahili na ubadhirifu, wakadhani katikati ni hesabu ya kugawanya kwa mbili. Kwenye mchango wa matanga, kati ya Sh 100 na Sh 10,000 jibu si Sh 5,050. Kwa kibarua wa Industrial Area mwenye watoto shuleni, Sh 300 inaweza kuwa ukarimu mkubwa. Kwa mwenye majumba ya kupangisha, Sh 5,000 huenda ikawa uchoyo. Tena kuna matendo yasiyo na katikati kabisa. Aristotle alitaja wizi, uzinzi na uuaji. Rushwa iko kundi hilohilo: hongo ya Sh 50 haiwi ya kiasi ati kwa sababu mwingine alidai elfu moja.

Anayejijua kuwa ni kama yule makanga wa tatu, anayezidiwa na tamaa, asingoje moyo utulie. Apunguze nafasi ya kushindana. Makanga atoe chenji ya abiria mmoja kabla ya kupokea nauli ya mwingine. Mweka hazina wa chama asishike pesa peke yake: akaunti iwe na sahihi tatu, na taarifa ya benki isomwe kila mkutano mbele ya wanachama wote.