Barua ya shule imesema mtoto ni "unruly", sasa ndio nini?

Wiki jana jirani yangu hapa Section 58, Nakuru, alinigongea mlango na barua ya shule, imekunjwa mara nne, muhuri wa zambarau umesambaa hadi hausomeki. Ati kijana wake ni "unruly". Mama wa watu ashaanza kutoa machozi, anafikiria mtoto ameiba ama ameshikwa na bangi. Nikasoma hadi chini: anaongea saa ya prepu, anapanda juu ya dawati. Basi.

Hapo ndio wengi wanachanganya. Unruly si mhalifu, ni mtu asiyetulia, hashikiki. Neno lenyewe limetoka kwa "rule", sheria, na zamani Kiingereza kilikuwa na "ruly" ya mtu mwenye kufuata utaratibu, hiyo ikapotelea njiani, hii ingine ikabaki. Na si lazima awe mtu! Kuna saluni mafuta yameandikwa ni ya "unruly hair", dada mmoja akawaka ati nywele zake zimetukanwa, kumbe ni zile tu zinakataa kulala hata uzichane aje.

Wa kanisa mnalijua hili neno muda mrefu. King James ya 1611, Yakobo 3:8, ulimi unaitwa "an unruly evil", na Biblia yetu ya Union ikasema "uovu usiotulia". Mimi sijaona tafsiri tamu kushinda hiyo.

Halafu hiyo -ly ya mwisho inadanganya watu, mtu anaandika "the boys behaved unruly" akidhani ni kama "badly". Hapana, hiyo iko kundi moja na "friendly", inaeleza jina: unruly boys. Ukitaka ya kitendo sema "in an unruly way". Na l ni moja tu, tafadhali, hiyo "unrully" naiona kila siku.

Wengine wanadhani ni sawa na "rude". Rude ni kukosa adabu, kukujibu vibaya. Huyu kijana wa jirani hana hiyo shida kabisa, anakusalimia vizuri, anakubebea mtungi wa maji hadi kwa mlango bila kuombwa, ukigeuka dakika mbili ako juu ya geti anapiga mluzi.