Je, wajua: sauti isiyosikika inachanganyaje mafuta na maji?

Tia mafuta ya kupikia na maji kwenye chupa (mawese hapa Goma yanaganda na baridi, chukua ile ingine), tikisa mpaka mkono uchoke, uache kwa meza. Mafuta yatarudi juu palepale. Lakini ukizamisha ndani kale kafimbo ka titani ka mashine ya ultrasoni (ile sauti ya juu sana, masikio hayaisikii), dakika chache tu unapata kitu cheupe kama maziwa.

Wengi banafikiri ni kutikisa tu, ila mbio zaidi. Hapana. Kutikisa kunasukuma mafuta yaingie kwenye maji, basi, lakini kazi ya kuyapasua iko ya viputo. Na wengine banasema mafuta "yanayeyuka". Hayayeyuki! Yako palepale, ila matone yake yanaweza kuwa madogo chini ya sehemu moja ya elfu ya milimeta.

Sasa viputo vinatoka wapi? Kamata seringi, vuta maji kidogo, ziba mdomo wake na kidole, kisha vuta tena kwa nguvu: utaona tuputo tunazaliwa ndani ya maji, juu umeyanyoosha na hayana pa kwenda. Kale kafimbo njo kanafanya hivyo, kavute kasukume, mara kama 20,000 kwa segonde, na kila kakisukuma kiputo kinaanguka ndani yake chenyewe kwa ukali, makadirio ya joto mule ni digrii 5,000 hivi, na maji yanaruka kama risasi yanapasua tone lililo karibu. Chombo chenyewe kinapata moto tu, banakiweka kwenye barafu. Wood na Loomis, wanasayansi Wamarekani, baliandika juu ya emulsheni (mchanganyiko kama huu, matone ya mafuta ndani ya maji) za namna hii tangu 1927.

Tone likipungua mara 10, linapanda polepole mara 100. Maziwa ya Masisi, matone yake ni makubwa kiasi, njo maana asubuhi unakuta krimu juu.

Ila udogo peke yake hautoshi, matone yakikutana yanaungana, kwa hiyo kawaida banatia lesitini ya yai ao ya soya (kitu kinachoshika maji na mafuta pamoja) iyafunike. Ajabu ni kwamba kuna emulsheni zinasimama siku nyingi bila hata kitu: matone yako na chaji hasi ya umeme, yanasukumana. Chaji inatoka wapi? Bamoja banasema ioni za hidroksidi (vipande vya maji vyenye chaji hasi), bengine banasema ni uchafu kidogo wa asidi za mafuta, na ubishi haujaisha.