Kamera mbili si simu yenye kamera mbili

Mkutano wa wazazi hapa Kampala, Jumamosi iliyopita. Mwalimu anasimama na kutangaza kwamba masomo ya jioni ya mtandaoni sasa yanafundishwa "kwa kamera mbili". Makofi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akauliza, kwa adabu kabisa, zimewekwa wapi. Akajibiwa kwamba simu ya mwalimu ina moja mbele na nyingine nyuma. Nimeshasikia jibu hilo au ndugu yake mara nyingi mno mwaka huu, na kila mara mzazi anarudi nyumbani akiamini amepata kitu ambacho hajakipata.

Kufundisha kwa kamera mbili maana yake ni hii: macho mawili yamewekwa mahali tofauti, moja likitazama uso wa mwalimu, jingine likitazama mikono na kazi yake, na mwalimu anachagua, kipindi kikiendelea, darasa lione lipi. Basi. Ugumu hauko hapo. Uko kwenye kile watu wanachokihesabu.

Neno kamera lilianza kama chumba. Kwa Kilatini camera ni chumba, hasa chenye dari ya kuba, nalo lilitoka kwa Wagiriki. Waitalia hata leo wakisema camera wanaweza kumaanisha chumba cha kulala. Kilichokuja kuitwa kamera kwetu kilikuwa camera obscura, chumba cha giza chenye tundu dogo ukutani, ambapo mwanga unapita na kuchora ukuta wa pili picha ya nje, miguu juu kichwa chini. Jina hilo la Kilatini alilitumia Johannes Kepler, mwanaastronomia Mjerumani, mwaka 1604. Karne nyingi kabla yake, Ibn al-Haytham wa Basra, mwanasayansi aliyechunguza mwanga, alishaeleza jinsi mwanga unavyopita tunduni, na kwa Kiarabu chumba hicho ni al-bayt al-muzlim, nyumba ya giza. Msomaji wa mashairi atalitambua hilo bayt, kwani ndilo lililotupa ubeti. Na muzlim ni wa shina moja na dhuluma, maana kwa Waarabu giza na uonevu vimetoka kwenye mzizi mmoja. Baadaye chumba kikapunguzwa kikawa sanduku, sanduku likawekewa kioo na kitu cha kushika picha, neno la giza likadondoka, tukabaki na "chumba" tunachotembea nacho mfukoni. Komredi nalo, linalosikika sana kwenye siasa zetu, linatoka humohumo: lilikuwa jina la mtu mnayelala naye chumba kimoja kambini.

Nimelivuta hili kwa makusudi. Ukihesabu vyumba, yule mwalimu hakusema uongo, kwa sababu simu yake ina vyumba viwili, pengine vinne. Lakini vyote vimejengwa kwenye kiwanja kimoja. Vimeshikwa na mkono mmoja, na cha mbele kikitazama uso, cha nyuma kinatazama ukuta. Darasani tunachohesabu ni mahali pa kutazamia. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika upatanisho wa ngeli ya KI-VI anahitaji kuona kalamu yangu ikisimama kwenye "ki-" ya kitabu, ikiruka hadi "ki-" ya kimepotea, na kupiga mstari chini ya zote mbili. Uso wangu haumsaidii dakika hiyo. Dakika inayofuata, ninapomtamkia dhambi na thamani, anahitaji kuona ulimi ulipo kati ya meno, na karatasi haimsaidii.

Lipo kosa la pili, nalo linatoka kwa walimu wanaojitahidi zaidi, kwa hiyo linaniuma zaidi. Tuliingia kwenye masomo haya kwa haraka, shule zilipofungwa na kufunguliwa nusunusu kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na wengi walijifunza njia hii: unaingia darasani kwa kompyuta, kisha unaingia tena kwa simu, kama watu wawili. Sauti zote mbili zikiwa wazi, chumba kinapiga yowe la kutoboa masikio. Ukizima maikrofoni na spika ya simu, yowe linaisha, na watu wanadhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Darasa sasa lina walimu wawili wenye jina moja. Mtoto aliyeko Mbarara, mwenye simu yenye kioo cha upana wa kiganja, anaona visanduku viwili vidogo na inabidi abahatishe akuze kipi. Akizikodolea picha zote mbili, bando lake linabeba zote mbili. Ukiziunganisha kamera kwenye kompyuta moja na kubadilisha mwenyewe, yeye anapokea picha moja, ile anayoihitaji wakati huo. Zoom ina kitufe cha kubadilisha kamera, na OBS Studio, programu ya bure, hukuwezesha kuandaa mandhari ya uso na mandhari ya meza ukaruka kati yake kwa kubonyeza mara moja. Simu ya pili si lazima iwe nzuri. Yangu imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye ubao unaotokeza nje ya rafu ya vitabu, ikitazama chini, na taa iko kushoto ili kivuli cha mkono wangu wa kulia kisifunike herufi. Picha ikionyesha mistari inayotembea, ni taa inapigana na kamera: umeme wetu ni wa hertzi 50, na kamera huenda imewekwa 60.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, makofi yale sikuyaonea wivu, na simu yako ni nzuri. Mkutano ujao waambie wazazi "tunatumia simu yenye kamera mbili", nayo itakuwa kweli tupu. Lile la "tunafundisha kwa kamera mbili" lisubiri hadi ya pili iwe juu ya meza, ikitazama kalamu, na wewe ndiye unayeamua watoto waone nini.