Buti la lita 300 halibebi madumu 15

Dhana: Buti la gari ni lita 300; gawanya kwa dumu la lita 20, unapata madumu 15.

Hesabu hiyo inakubali kwenye karatasi tu. Watengenezaji wengi hupima buti kwa vibao vya lita moja moja, sentimita 20 kwa 10 kwa 5, vinavyopenya hadi kwenye kona. Dumu halipenyi, na kwa nje linakula nafasi zaidi ya lita 20. Kabla ya kufuata mafuta ya alizeti Singida, shika futi upime upana wa mlango wa buti, nafasi kati ya matao ya magurudumu, na kimo. Halafu uzito: lita 20 za mafuta ni kilo 18 na ushee, kwa hiyo madumu 15 yanakaribia kilo 276. Weka dereva na abiria wanne, gari dogo limeshazidiwa.

Dhana: Kizito kikae mlangoni, kushusha iwe rahisi.

Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, pua ya gari inainuka: usukani unakuwa mwepesi, taa zinawapiga machoni wanaokuja. Simamisha madumu yakibanana na mgongo wa siti ya nyuma. Yafunge kwa mkanda wa kukaza. Kamba ya mpira huvutika ukishika breki ghafla. Chini tandika turubai, maana mafuta yakivuja hushuka kwenye shimo la spea na kuharibu mpira wa tairi. Nailoni chini ya kifuniko cha dumu husaidia, ila kifuniko kilichopasuka tupa.

Dhana: Toa spea, upate nafasi.

Shimo lile ni la duara na halina kina; gunia halikai. Pancha ya usiku kati ya Bahi na Manyoni bila spea ni mateso. Afadhali ujaze spea upepo kabla ya kupakia, na jeki na spana uziweke chini ya siti ya mbele, usije ukashusha mzigo wote barabarani kuzitafuta.

Dhana: Kisichoingia kipandishwe kwenye keria ya paa.

Paa la gari dogo kwa kawaida huhimili kilo 50 hadi 75, keria yenyewe ikiwemo. Gunia la kilo 100 la mahindi ya Kibaigwa lisipande kabisa. Matenga matupu hayana shida.

Zabibu nazo zisifungiwe butini mchana kwa jua la Dodoma: zinapata joto, za chini zinapondeka. Kreti ziwe na kingo ngumu, zikae ndani upande wa abiria kwenye hewa, na juu yake pasiwekwe kitu.